Utawala wa intaneti, kuanzia Katandala

Utawala wa intaneti ni jumla ya sheria, kanuni za kiufundi, mikataba na mazoea yanayoamua nani ataunganishwa, kwa bei gani na kwa anwani ipi, ataruhusiwa kusema nini akishaunganishwa, na nani ana uwezo wa kumkata. Hakuna serikali wala kampuni moja inayoushika utawala huo wote. Maamuzi yamegawanyika kati ya wizara, mamlaka za udhibiti, kampuni za simu, mashirika yasiyo ya faida, mahakama na vikao vya kimataifa. Mtumiaji wa kawaida huyagundua pale tu jambo linapoharibika.

Katandala ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa. Ni mahali pazuri pa kuutazamia utawala huu. Mfanyabiashara wa mahindi akituma picha ya mzigo kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, picha hiyo hupita chini ya mikono ya karibu wenye mamlaka wote, na karibu wote wako mbali naye. Ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ya Tunduma. Msajili wa anwani za IP kwa Afrika yuko Mauritius. Mratibu wa majina ya tovuti yuko California, na mwenye WhatsApp yuko hukohuko. Kwa hiyo swali la nani aitawale intaneti, likiulizwa Sumbawanga, linabeba swali la pili: aliyeko Ufipa atamfikia nani, na kwa njia gani?

Waya, mnara na bando

Kabla ya sheria kuna waya. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009 kwa mkopo kutoka China, na mzunguko wake wa magharibi ukaiunganisha Sumbawanga na Mbeya kwa upande mmoja, Mpanda na Kigoma kwa upande mwingine. Mkongo ni mali ya serikali na unaendeshwa na TTCL, shirika la simu la serikali. Kampuni za simu hukodi humo nafasi ya kupitishia data zao. Halotel, kampuni ya Viettel ya Vietnam iliyoanza huduma nchini mwaka 2015, ilichagua kutandaza nyaya zake yenyewe hadi vijijini. Anayemiliki waya ana sauti hata kabla ya kanuni yoyote kuandikwa, na katika sehemu kubwa ya Tanzania mwenye waya na mwandishi wa kanuni ni mtu mmoja: dola.

Mnara nao una siasa yake. Mjini Sumbawanga kampuni hushindana zenyewe, kwa kuwa wateja wapo. Ukiteremka ukingo wa uwanda kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, au upande wa pili kuelekea mwambao wa Tanganyika, hesabu ya biashara hubadilika: watu wachache, vijiji vilivyotawanyika, milima inayoziba mawimbi. Huko soko peke yake halijengi. Ndiyo sababu Bunge lilitunga mwaka 2006 sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao hutoa ruzuku kwa kampuni zinazokubali kupeleka huduma mahali pasipo na faida. Mei 2023 mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini ilisainiwa Dodoma mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Wanaojadili utawala wa intaneti kwenye kumbi za kimataifa hawauzungumzii sana mfuko wa namna hii, na hilo ni kosa. Kwa mkazi wa kijiji kisicho na mnara, uamuzi wa kata ipi iingie kwenye orodha una uzito kuliko mkataba wowote wa Geneva.

Mpaka huongeza lake. Mto Kalambo hutenganisha Tanzania na Zambia, na wilaya ya Kalambo inapakana na nchi hiyo. Zambia ilifungua milango kwa huduma ya setilaiti ya Starlink Oktoba 2023. Tanzania, hadi mwaka 2025 unakwisha, ilikuwa bado haijaipa leseni. Setilaiti ni zileile, anga ni lilelile, lakini dishi lililoruhusiwa upande mmoja wa mto halikuwa na kibali upande wa pili. Wanaosema kwamba intaneti haina mipaka wangejionea kwenye kituo cha mpakani cha Kasesya jinsi leseni inavyouchora mpaka upya.

Bei, kwa upande wake, imeshathibitisha kwamba watumiaji wanaweza kusikilizwa. Tarehe 2 Aprili 2021 kanuni mpya za bando zilipoanza kutumika, wateja waliamka na kukuta fedha ileile inanunua data kidogo kuliko jana yake. Malalamiko yalienea nchi nzima, na serikali ikaagiza bei za zamani zirudi. Haikuhitaji kura wala kesi. Ni nadra kwa mamlaka ya udhibiti kurudi nyuma kwa kasi ile, na ilitokea kwa sababu kila mtu, kuanzia bodaboda hadi mbunge, huunga bando.

Kuna pia mahali ambapo data za kampuni moja hukabidhiwa kwa nyingine. Kisa cha Kenya kinafundisha zaidi kuliko nadharia. Mwishoni mwa 2000 watoa huduma wa intaneti nchini humo walifungua kituo cha kubadilishana data Nairobi, KIXP, ili barua pepe ya Mkenya kwenda kwa Mkenya mwenzake isipitie ng'ambo na kurudi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na tume ya mawasiliano ikakifunga kituo baada ya wiki chache tu. Kilirudi kwa leseni Februari 2002, baada ya wahandisi kuwaeleza wadhibiti kwa subira kwamba swichi ile haikuwa ikimnyang'anya mtu biashara halali. Tanzania ilifuata kwa kituo chake cha Dar es Salaam, kisha Arusha, na baadaye TCRA ikasaidia kuanzishwa vingine mikoani, kikiwemo cha Mbeya, kilicho karibu zaidi na Ufipa.

Vituo hivyo havikuweza kuziba pengo la tarehe 12 Mei 2024, pale mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Mawasiliano ya ndani ya nchi hubaki hai tu iwapo seva zenyewe zipo ndani, na huduma nyingi ambazo Watanzania huzitumia kila siku seva zake ziko nje.

Namba na majina

Kila kifaa kilichoko kwenye intaneti kinahitaji anwani, na kila tovuti inahitaji jina lisilogongana na lingine. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilisimamiwa na mhandisi Jon Postel wa California kwa imani ya wenzake. Mwaka 1998, mwaka aliofariki, liliundwa shirika lisilo la faida la ICANN, nalo likafanya kazi chini ya mkataba na Wizara ya Biashara ya Marekani hadi tarehe 1 Oktoba 2016. Tangu hapo halina serikali moja juu yake, ingawa makao yake yako Los Angeles na mahakama za California zinaweza kuliita.

Afrika imeonja maana ya jambo hilo kwa kikoa cha .africa. Mwaka 2012 waombaji wawili walikitaka: taasisi ya Afrika Kusini iliyoungwa mkono na Umoja wa Afrika, na DotConnectAfrica ya Sophia Bekele, mzaliwa wa Ethiopia. ICANN ilimkataa wa pili. Julai 2015 jopo huru la usuluhishi likaamua kwamba bodi ya ICANN ilivunja kanuni zake yenyewe katika kulishughulikia ombi hilo. Mgogoro ukahamia mahakama za Los Angeles, na .africa haikuwashwa hadi Februari 2017. Jina la bara zima, lililoombwa kwa baraka za serikali za bara hilo, lilisubiri karibu miaka mitano, na neno la mwisho likasikika katika mahakama ya Marekani.

Kikoa cha .tz kilipata njia iliyo fupi zaidi. Mwaka 2006 TCRA na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, walianzisha tzNIC ili kukisimamia: mdhibiti na wafanyabiashara ndani ya taasisi moja. Huo ndio mpangilio ambao vikao vya kimataifa huuita wa wadau wengi, na hapa ulifanyiwa kazi badala ya kuhubiriwa.

Namba zimeleta msiba mkubwa zaidi. AFRINIC, yenye makao Ebène, Mauritius, ilitambuliwa mwaka 2005 kama msajili wa anwani za IP kwa Afrika, mmoja kati ya watano duniani. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na mabara mengine yalipomaliza mgao wao, za Afrika zikageuka mali ya thamani. Kampuni iitwayo Cloud Innovation, iliyosajiliwa Shelisheli, ilikuwa imepewa anwani zipatazo milioni 6.2. AFRINIC ilipotaka kuzirudisha kwa hoja kwamba zilikuwa zikitumika nje ya bara, kampuni ilikwenda mahakamani. Julai 2021 mahakama ya Mauritius ilizuia akaunti za benki za AFRINIC. Mwaka uliofuata bodi ilikosa akidi. Septemba 2023 akateuliwa msimamizi wa mahakama. Uchaguzi wa bodi wa Juni 2025 ukabatilishwa, na bodi mpya ikapatikana Septemba mwaka huo.

Wapo waliosema balaa hili linathibitisha kwamba wahandisi na wanachama hawawezi kujitawala, na kwamba serikali zichukue usukani. Hoja hiyo haishiki. Kilichokosekana AFRINIC kilikuwa kanuni zilizofungwa vizuri na wanachama wanaojitokeza kupiga kura. Waziri kukaa kwenye kiti cha mwenyekiti hakuleti kimojawapo. Na kura hizo hazipo mbali: watoa huduma wa Afrika Mashariki ni wanachama wenye kura katika shirika lile.

Maneno

Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Ilianza kutumika tarehe 1 Septemba, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Sehemu yake iliyo kubwa inashughulikia wizi, utapeli na uvamizi wa mifumo, na hakuna anayetuma fedha kwa simu atakayeipinga. Kifungu cha 16 ndicho chenye utata: kuchapisha taarifa za uongo adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Anayeamua kwanza kama jambo ni uongo ni polisi anayekamata.

Machi 2018 zikaja Kanuni za Maudhui Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa ada zilizojumlisha takriban shilingi milioni 2.1 kwa kuanzia, na asiye na leseni alikabiliwa na faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi 12. Kijana wa Sumbawanga aliyetaka kuandika habari za bei ya mahindi, barabara za wilaya ya Nkasi au soka la mkoa aliwekwa kwenye mizani moja na kampuni ya habari ya Dar es Salaam. Watetezi wa haki na wanahabari waliipeleka hoja hiyo Mahakama Kuu ya Mtwara, iliyosimamisha kanuni kwa muda mwanzoni mwa Mei 2018. Mwezi huohuo maombi yao yalitupwa. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020, na mwaka 2022 ada zikashushwa. Wenye blogu waliokuwa wamefunga milango katika miaka hiyo hawakurejeshewa wasomaji wao.

JamiiForums ndiyo iliyobeba mzigo mzito. Ilianzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, ikawa ukumbi mkubwa wa Kiswahili wa kujadili siasa na kufichua ufisadi kwa majina ya bandia. Melo alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Miongoni mwa mashtaka lilikuwamo la kuendesha tovuti kwa kikoa kisichosajiliwa Tanzania, kwa kuwa anwani yake iliishia na .com. Kwa shtaka hilo, suala la majina lililoonekana kuwa la wahandisi likawa kosa la jinai. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi. Mwaka mmoja kabla, Kamati ya Kulinda Wanahabari ya New York ilikuwa imemtunuku tuzo. Septemba 2025 TCRA iliisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90.

Kulinda taarifa binafsi kulichelewa. Laini zote za simu zilisajiliwa kwa alama za vidole, na mwisho ulikuwa tarehe 20 Januari 2020. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Kwa zaidi ya miaka mitatu, alama za vidole za mamilioni ya watu zilikuwa zimeshachukuliwa, na sheria ya kuzitunza haijafika. Oktoba 2023 TCRA ikaongeza sharti la watumiaji wa VPN, programu zinazoficha njia ya mtu mtandaoni, kujiorodhesha.

Swichi

Nguvu iliyo kubwa kuliko zote katika utawala wa intaneti ni ya kuizima, nayo ndiyo yenye sheria dhaifu kuliko zote.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizima intaneti siku moja baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, kwa karibu wiki tatu. Uganda iliizima kwa siku kadhaa katika uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania, kuelekea uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020, ilishuhudia Twitter, WhatsApp na mitandao mingine ikibanwa. Mei 2025 mtandao wa X, yaani Twitter ya zamani, ulifungiwa baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na haikurudi kwa takriban siku tano.

Kwa Ufipa, mwisho wa Oktoba ni wakati wa kuandaa mashamba kabla ya mvua za Novemba. Mbolea ya ruzuku, tangu mpango wa 2022, huuzwa kwa namba ya mkulima iliyosajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali. Mahindi yaliyobaki ghalani hutafutiwa bei kwa WhatsApp. Kutuma fedha kwa menyu ya simu kwa kawaida hakutegemei intaneti, lakini programu za benki, maombi ya vyuo, risiti za kodi na mazungumzo na ndugu walio nje ya nchi huitegemea. Mikongo ya baharini ilipokatika Mei 2024, sababu ilijulikana siku ileile na kila mtu alifuatilia meli ya matengenezo. Intaneti ikizimwa kwa amri, mkazi wa Katandala hana karatasi ya kusoma, jina la aliyeamua, muda wa mwisho, wala mahali pa kupinga wakati bado kuna cha kuokoa.

Mahakama za Afrika zimeanza kujibu. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe ilisema waziri aliyeagiza kuzima hakuwa na mamlaka hayo. Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua kwamba Togo ilivunja haki za raia wake kwa kuzima mwaka 2017. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa zuio la muda dhidi ya kuzima intaneti nchini humo, katika kesi iliyofunguliwa na wanablogu na mashirika ya haki baada ya intaneti kuvurugika wakati wa maandamano ya Juni 2024. Machi 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilizitaka nchi zisizime intaneti wakati wa uchaguzi.

Nchi zinaweza kuwa na dharura ya kweli, na uongo unaosambaa siku ya kura unaweza kuua. Hata hivyo, polisi kwa kawaida huhitaji hati kuipekua nyumba moja. Si haki amri inayowafungia watu zaidi ya milioni 60 itolewe bila hati yoyote iliyochapishwa. Amri ya namna hiyo inapaswa kuandikwa, kutiwa saini na mtu anayejulikana, kutaja eneo na saa ya kukoma, na kupelekwa mbele ya jaji ndani ya muda mfupi. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika hapo. Kinachohitajika ni kifungu cha sheria.

Kampuni na meza ya mazungumzo

Facebook na WhatsApp hutunga kanuni zao zenyewe na kuzisimamia zenyewe. Sehemu ya kazi hiyo ilifanyika Nairobi, ambako vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili, walichuja picha za mauaji na ubakaji kupitia kampuni ya Sama. Mmoja wao, Daniel Motaung, alifungua kesi Mei 2022. Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 mahakama ilikataa dai hilo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha msimamo huo. Jambo hili ni kubwa kuliko inavyoonekana: mahakama ya Afrika Mashariki ilisema kwamba mwenye ukumbi anayekaa California anaweza kuitwa Nairobi.

Mazungumzo ya dunia nzima yalizaliwa katika mkutano wa Tunis wa 2005, uliokubaliana kwamba serikali, sekta binafsi na asasi za kiraia kila moja ina nafasi yake, na ukaanzisha Jukwaa la Utawala wa Intaneti. Jukwaa hilo halipitishi sheria. Lilikaa Nairobi mwaka 2011 na Addis Ababa mwaka 2022; lile la Afrika lilikaa Dar es Salaam mwishoni mwa Mei 2025, siku chache baada ya X kufungiwa katika nchi mwenyeji. Wajumbe walizungumzia intaneti iliyo wazi, na jirani wa ukumbi hakuweza kuusoma mjadala wao kwenye X bila VPN.

Mkazi wa Katandala anayetaka kudai haki yake hana haja ya kusubiri jukwaa lijalo. Sheria ya TCRA ya 2003 iliunda baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano la kupokea malalamiko. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa mawasiliano na haki ya kutoingiliwa ndani yake. Mahakama Kuu, inayosikiliza mashauri ya haki za msingi, ina kanda Sumbawanga kwenyewe. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aape kwamba yeye binafsi ameathirika. Mwenye mzigo wa mahindi uliokosa mnunuzi kwa siku tano za Oktoba 2025 anaweza kukiapa kiapo hicho.